Safu ya Sababu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ambayo sijawahi kuisimulia yote. Ilikuwa siku ya jua kali na upepo baridi, kama zilivyo siku nyingi za Mbeya mvua zikishakwisha. Nilikuwa nimekaa ofisini na kalamu mkononi, nikiandika habari za watu ambao sikuwa nimewauliza. Hapakuwa na mtu aliyenilazimisha. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapuliza wino ukakauka, nikajisifu.

Mwezi uliopita tulimzika mwanamke mmoja hapa Ilomba. Watu walimwita Mwalimu, na waliolifuata jeneza lake walikuwa watu wenye mvi, aliowashika mkono walipokuwa wakijifunza kuandika herufi. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama, kisha nikakaa. Neno lenyewe ndilo hili. Nimelichelewesha sana, na elimu yangu ni ya darasa la nane tu, kwa hiyo unistahimili nikilisema polepole.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, kumaliza darasa la nane lilikuwa jambo la kuchinjiwa kuku. Juu ya hapo ngazi zilikuwa chache: ualimu, uuguzi, ufundi, basi. Kwa msichana zilikuwa chache zaidi. Mimi niliomba ualimu nikakosa. Nikapata kazi ya ukarani katika chuo cha ualimu cha misheni, nje kidogo ya mji wa Mbeya, mlima Loleza ukitutazama kwa juu. Nilikaa karibu na elimu kama mtu anayeota moto wa jirani: joto analipata, lakini kuni si zake. Sisemi hivi kujitetea. Nataka ujue kwamba palikuwa na kidonda ndani yangu, na kila nilipomwona mtu akiichezea nafasi niliyoikosa mimi, kidonda kile kiliwasha. Au kila nilipodhani kwamba anaichezea.

Kazi yangu kubwa ilikuwa daftari la mahudhurio. Wanachuo walisoma vitabu asubuhi, na mara mbili kwa wiki kila mmoja alishuka kilima kwenda kufundisha watoto katika shule ndogo ya mazoezi. Huko ndiko ualimu ulikopimwa. Mtu angeweza kujua vitabu vyote, lakini kama hajasimama na chaki mbele ya watoto hamsini wanaokohoa, hakuwa mwalimu bado.

Njia ya kushukia shuleni ilikuwa moja, nayo ilipita mlangoni pa banda la useremala. Fundi wa pale alikuwa Mzee Mwaijande, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, aliyeajiriwa mwaka ule kutengeneza madawati. Tulikuwa watani, na mzaha wake ulikuwa ule ule wa kwamba Wahehe hula mbwa. Mchana nilikuwa nikienda kwake tukala viazi vya kuchoma katikati ya maranda ya mbao.

“Kamwene, Mhehe!” alinisalimu kwa Kihehe akiniona kwa mbali. “Nimemfunga mbwa wangu. Njoo tu, hutamwona.”

“Usimfunge sana, mzee. Atakonda.”

Alicheka mpaka randa ikamtoka mkononi. Alikuwa na tabia moja tu iliyonishangaza. Kila alipotaka kutoka bandani, alisimama kwanza ndani, akagonga mwimo wa mlango kwa nyundo mara tatu, akangoja kidogo, ndipo akatoka. Siku moja nikamwuliza.

“Mzee, watu hubisha hodi wakiingia. Wewe mbona unabisha ukitoka?”

“Nawaaga mijusi,” akasema, akanisukumia kiazi kingine. Nami nikacheka, sikuuliza tena. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza mara moja, nikaridhika na mzaha.

Sasa, kati ya wasichana wachache wa chuo kile alikuwamo mmoja aitwaye Atuganile. Alikuwa mfupi, mnyamavu, wa milima ya Rungwe, na mwandiko wake ulikuwa kama umepigwa chapa. Darasani asubuhi hakukosa hata siku moja. Lakini siku za mazoezi jina lake lilikuwa na shimo. Juma hili amefika, juma lijalo hakufika, mara amefika kipindi kimekwisha, ana majani kwenye sketi. Mwalimu wa mazoezi aliniletea taarifa, nami nikatia alama kwenye daftari. Sikuona ajabu. Niliona msichana anayeogopa watoto.

Halafu siku moja, nikishuka na barua za shule, nikamwona. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya rundo la kuni, hatua chache kutoka bandani kwa fundi, amejitanda kanga kichwani hadi usoni. Kengele ya kipindi chake ilikuwa imekwisha kulia. Nikapaza sauti.

“We Atuganile! Darasa liko kule, si kwenye kuni!”

Hakujibu. Hakuinua hata kichwa. Nikaita mara ya pili, akazidi kujikunja kama jongoo. Wavulana waliokuwa wakipita wakacheka, na mimi kwa ujana wangu nikaona wananicheka mimi. Karani mzima anaita, msichana anamfanya kama ndege wa mtini. Nikaondoka na neno moja kichwani: mtoro.

Katika majuma yale yale akaja bwana mmoja wa idara ya elimu, Mwingereza mrefu mwenye kikohozi. Alikuwa akizunguka katika vyuo vya nyanda zetu akichunguza kwa nini nafasi za masomo zinatolewa kwa taabu, halafu nyingine zinapotea bila mtu kuhitimu. Lilikuwa swali la maana, mwanangu, na mpaka leo ni la maana. Alikuwa na karatasi kubwa zilizopigwa mistari. Safu ya kwanza ilikuwa ya jina, ya pili ya siku ambazo mtu hakuhudhuria, ya tatu ilikuwa na neno moja juu: sababu.

Akaniambia kwa Kiswahili safi, “Bwana karani, safu hii ya tatu ndiyo iliyonileta. Hizo mbili ningeweza kuletewa kwa posta.”

“Ndiyo, bwana,” nikasema.

Yalikuwa majina kumi na mawili, na nilipewa siku mbili. Safu mbili za kwanza nilizijaza kabla ya saa nne asubuhi, daftari likiwa mbele yangu. Ya tatu ilinitaka niinuke kitini, niende mabwenini, niende jikoni, nimkalishe kila mmoja nimwulize taratibu. Na jioni ile, mwanangu, kulikuwa na mpira. Chuo chetu kilicheza na vijana wa mjini. Sina sababu nyingine ya kukupa, nami sitatunga.

Nikaijaza safu ya tatu kutoka kichwani mwangu. Huyu mvivu. Huyu hana moyo wa kusoma. Huyu ameshikwa na mapenzi. Nilipofika kwa Atuganile nikakumbuka rundo la kuni na kile kicheko cha wavulana, nikaona neno moja halitoshi. Nikaandika: mtoro wa makusudi. Kisha nikaenda mpirani. Tulifungwa.

Mkuu wa chuo alizisoma karatasi zile pamoja na mgeni. Siku mbili baadaye, Alhamisi, kukabandikwa orodha ubaoni. Wengine walipewa onyo. Atuganile, kwa yale maneno matatu, aliondolewa. Aliambiwa afunge sanduku lake, Jumamosi aende kwao. Nafasi ya ualimu kwa msichana ilikuwa haipatikani mara mbili. Ukiondoka umeondoka.

Mchana ule Mzee Mwaijande akaja ofisini. Hakunitania. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

“Karani, kuna karatasi ubaoni. Mimi sijui kusoma. Nisomee.”

“Ni majina ya walioonywa na walioondolewa, mzee.”

“Yupo binti mmoja, mfupi, wa Rungwe?”

“Yupo. Ameondolewa.”

“Ameandikwa nini?”

“Mtoro wa makusudi.”

“Soma tena.”

Nikasoma tena, na sauti yangu ikapungua bila mimi kuitaka ipungue.

“Aliyeandika alimwuliza nani?”

Nikakifunika kidau cha wino.

“Nimekuuliza, mwanangu. Alimwuliza nani?”

“Hakumwuliza mtu, mzee. Niliandika mimi.”

Mzee akavuta kiti, akakaa. Akaizungusha kofia mikononi. Kisha akaanza kusema, taratibu, kama mtu anayempimia mwenzake mbao.

“Yule binti ameposwa na mwanangu. Ng'ombe wamekwisha kwenda kwao tangu mwaka juzi. Kwetu, binti akishaposwa, mimi na yeye hatuonani tena. Hanitazami, hatamki jina langu, palipo na mimi hapiti. Tukikutana njiani yeye ndiye anayejificha mpaka nipite. Si chuki hiyo. Ni heshima, na ndiyo heshima kubwa kuliko zote anazonipa. Wapo waliokwisha kuiacha. Yeye hajaiacha. Sasa niambie, ulidhani nyundo yangu ni ya mijusi kweli?”

Mwanangu, nilisikia masikio yanawaka moto.

“Nilikuwa nagonga apate kusikia, ajifiche, nipite upesi, na yeye apite. Nilidhani inatosha. Sikujua kwamba nikiwa ndani napiga randa, yeye yuko nje anasubiri sauti ikome, na kengele inalia. Kumbe mimi ndiye niliyekaa katikati ya njia yake mwaka mzima.” Akaniangalia. “Mimi sikuwa na ruhusa ya kumwuliza. Mila inanikataza. Wewe ulikuwa na ruhusa, karani. Ulikuwa na kalamu, ulikuwa na siku mbili, ulikuwa na miguu. Ukaenda mpirani.”

Akatoa ufunguo wa banda mfukoni, akauweka juu ya daftari langu.

“Mpe Mkuu. Mimi naondoka leo na sanduku langu la vyombo. Mwambie njia iko wazi, yule mtoto abaki. Na yule bwana wa karatasi umwambie alifute neno lile. Utamwambia?”

“Nitamwambia, mzee.”

“Leo.”

“Leo.”

Aliondoka. Mtu mwenye watoto saba nyumbani aliacha kazi yake kama mtu anayempisha mwenzake kwenye daraja la mti mmoja.

Sasa nakuomba unisikilize vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo panaponiuma. Kukosea mara ya kwanza kulikuwa uvivu, na uvivu Mungu anausamehe kwa vijana. Jioni ile nilikwenda hadi nyumbani kwa Mkuu, alikofikia yule mgeni. Nilisimama barazani. Niliwasikia ndani wanakunywa chai na kucheka. Nikafikiri: nikiingia nikasema kwamba safu ile ya sababu niliitunga mimi mwenyewe, kazi sina. Nikamfikiria mama yangu kule Iringa, aliyekuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anaandika kwenye vitabu vya Wazungu. Nikasema, kesho asubuhi na mapema, mtu akiwa ametulia, ndipo maneno yanaposikika vizuri. Nikarudi chumbani kwangu. Hivyo ndivyo woga unavyosema, mwanangu. Hauji na kelele. Unakuja na ushauri mzuri.

Asubuhi nilikuta alama za magurudumu kwenye umande. Mgeni alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Iringa.

Hapo ndipo nikamwambia Mkuu yote, nikampa na ule ufunguo. Alikuwa mtu mwema lakini wa taratibu zake. Akasema barua imekwisha kutiwa saini na kupelekwa, aliye na uwezo wa kuirudisha ni yule bwana peke yake, na kama dhamiri inanisumbua Iringa naijua mwenyewe. Nikadandia lori la mchele, nikakaa juu ya magunia, tukateremka bonde la Usangu na kupanda tena, siku mbili za vumbi. Tulipita karibu kabisa na njia ya kwetu. Sikushuka kumwona mama.

Nilimkuta yule bwana katika ofisi moja ya serikali kule juu mlimani, mjini Iringa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Nilipomaliza alikohoa, akafuta midomo yake.

“Nilikuuliza sababu ukanipa,” akasema. “Nilidhani na wewe umeziuliza.”

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Akatoa karatasi yake, akalikata neno langu kwa penseli, akaandika pembeni yale niliyomwambia, yote, mpaka nyundo. Lakini ile ilikuwa nakala. Karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha kutumwa Dar es Salaam, na nafasi ya Atuganile ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka uliofuata chuo chetu kiliita wasichana wachache kuliko awali, kwa sababu taarifa zilionyesha kwamba wasichana hawadumu. Nami nilizitambua zile taarifa. Zilikuwa na mwandiko wangu.

Niliporudi Mbeya, Atuganile alikuwa amekwisha kwenda. Waliomwona walinieleza kwamba Jumamosi ile alishuka kwa njia ile ile ya bandani, sanduku kichwani. Banda lilikuwa limefungwa, hapakuwa na sauti ya randa wala nyundo. Alipita uso wazi, bila kujitanda kanga, kwa mara ya kwanza. Njia ilikuwa nyeupe kabisa, na hakuwa tena na darasa la kwenda.

Miaka ikapita. Nilioa, nikajenga hapa Ilomba, nikamzaa Lukelo. Mtoto alipofika umri wa kusoma, jirani akaniambia kuna mama mmoja, mke wa mwashi, anawakusanya watoto wa mtaani nyuma ya kanisa anawafundisha kusoma, hana cheti lakini watoto wanatoka wanajua. Nikampeleka mwanangu. Nikamkuta ni yeye.

Alinisalimu kama mtu yeyote. Nilikaa na siri ile mwaka mzima, ninampeleka mtoto, ninamrudisha, ninasema asante mwalimu. Siku moja nikashindwa. Nikangoja watoto watawanyike.

“Mwalimu, nina neno. Lile neno lililokuondoa chuoni, niliandika mimi.”

“Najua, Baba Lukelo.” Alikuwa anafuta ubao. “Karani alikuwa mmoja.”

“Umejua siku zote hizi?”

“Tangu ile Alhamisi.”

“Mbona siku ile pale kwenye kuni hukunijibu? Ungesema neno moja tu!”

Akageuka. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika, nayo haikudumu. “Baba mkwe alikuwa hatua kumi kutoka pale, mlango wazi. Ningekujibuje, na wewe unapiga kelele kama mnadi? Ungekuja jioni bwenini ukaniuliza, ningekuambia. Nilingoja mtu aje aniulize. Hata huyo bwana wa karatasi nilimwona anapita, nikasema leo nitaulizwa.”

“Na kwa Mkuu?”

“Kwa Mkuu ningesema nini? Kwamba fundi wake ananizuia njia? Angemfukuza mzee.” Akacheka kidogo, cheko kavu. “Mwishowe tuliondoka wote wawili.”

Nikaomba anisamehe. Akakung'uta vumbi la chaki mikononi. Kisha akasema, “Lukelo yupo kila siku, hana tatizo. Lakini Ambwene hajaja leo siku ya tatu. Nenda kwao kaulize kwa nini. Usiniletee neno lako, Baba Lukelo. Niletee la kwao.”

Basi nikaenda. Ambwene alikuwa na shati moja, limefuliwa, na jua la Mbeya mwezi ule halikaushi. Nikalirudisha neno hilo kama lilivyo. Juma lililofuata akanituma tena. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kutumwa na yule mama, mimi na fimbo yangu, mlango kwa mlango. Hakutamka kamwe neno “nimekusamehe.” Alinituma tu. Nami kila alipoacha kunituma majuma mawili nilikosa raha.

Nikwambie na hili, maana lisiposemwa litapotea. Ubao mweusi aliofundishia ulitengenezwa na Mzee Mwaijande. Alikuja nao kutoka Tukuyu, akauegemeza kwenye mti kando ya njia, akagonga mara tatu kwa nyundo, akaenda zake. Hawakuwahi kutazamana mpaka mzee alipokufa.

Mwezi uliopita, baada ya mazishi ya Mwalimu, mwanawe wa kwanza alinikabidhi mafurushi ya madaftari. Akasema, “Mama alisema haya apewe Karani.” Hakuna aliyeniita hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Nimeyasoma yote. Ni ya mahudhurio, yamepigwa mistari kwa mkono, safu tatu. Na ile ya tatu haina hata shimo moja. “Yuko Ubaruku na mama yake, wanafukuza ndege kwenye mpunga.” “Bibi yake amefariki.” “Anamwogopa mbwa wa kona, nimewapeleka wenzake wamchukue.” “Viatu ni vya zamu, leo zamu ya dada.” Na mahali pamoja: “Mtoro kweli. Nimemwuliza mwenyewe, amekiri, amecheka.” Nilipofika hapo nami nilicheka, kisha nikaweka daftari chini kwanza.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ni hii. Siku hizi vyuo ni vingi, Iringa imejaa vyuo na Mbeya imejaa vyuo, na vijana kama wewe mnapewa kazi ya kuzunguka na maswali kujua nani anaingia, nani anatoka, nani amehitimu na ujuzi wake haumfai kitu. Kazi njema. Nasikia pia wakubwa redioni wakisema vijana wa leo hawapendi shule, hawana uvumilivu. Huenda wengine ni kweli. Watoro wapo, nami nimekuonyesha mmoja. Lakini usiandike neno hilo kabla hujaketi na mtu. Daftari litakuambia nani hayupo; halitakuambia nini kimemzuia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mlango wa chuo hauanzii pale penye kitasa. Unaanzia jikoni kwa mama yake mtu, unapita kwenye mila zake, nguo yake, mbwa wa kona, na mahali popote katika njia hiyo panaweza kuwa na banda lenye fundi mwema ambaye naye hajui kwamba amekaa njiani.

Na ukishajua kwamba umekosea, usingoje asubuhi. Ingia barazani, gonga mlango, sema chai ikiwa bado ya moto. Kazi niliyoogopa kuipoteza jioni ile sikudumu nayo hata miaka mitatu. Neno nililoacha kulisema limedumu nami mpaka leo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari la mwisho una mstari mmoja tu, herufi zinatetemeka lakini bado ni zile za kupigwa chapa. Ameandika: “Mwalimu hakuja. Sababu: miguu.”

Mungu akupe miguu, mwanangu, ya kwenda hadi mlangoni kwa mtu. Akupe subira ya kukaa mpaka aseme. Akulinde na kalamu nyepesi. Na yule aliyetangulia, aliyengoja mtu aje amwulize, apumzike mahali ambapo ameshaulizwa, na amesikilizwa mpaka mwisho.